Nguo Zilizo Chini ya Kitanda

Masomo: Matendo ya Mitume 9:36-42, Mwanzo 37:31-35 na 45:22-28, Yeremia 38:7-13



 

Somo la mwezi huu litawashangaza wengine. Mmezoea kusoma hapa juu ya maombi, ndoa, au kuja kwake Bwana mara ya pili. Leo tunaomba ruhusa kuingia nyumbani kwenu, kuinua lile shuka linaloning'inia ukingoni mwa kitanda, na kutazama kilicho chini. Msicheke. Kila mtu anajua kilichoko: valizi mbili, gunia moja, begi la plastiki la mistari lililochanika zipu, na katoni iliyofungwa kwa kamba. Na ndani ya vyote hivyo ni nguo.

Waganda wanakiita chumba kimoja cha kupanga muzigo. Sisi tunaosema Kiswahili tukilisikia neno hilo tunacheka, kwa sababu kwetu mzigo ni kitu unachobeba kichwani. Lakini wengi wetu tunaishi hivyohivyo: chumba kimoja, pazia katikati, upande huu wazazi, upande ule watoto na sufuria, sigiri barazani. Wale waliokuwa na kabati la mbao za libuyu kule Bukavu au Goma, lenye kioo mlangoni, leo kabati lao ni kamba iliyotoka msumari mmoja hadi mwingine. Kilichozidi kamba kinakwenda chini ya kitanda. Kilichozidi chini ya kitanda kinakwenda juu ya kitanda, na usiku kinashushwa sakafuni ili watu walale. Tumetembelea nyumba ambamo mtoto analala amejikunja kwa sababu miguu yake imezuiwa na gunia la nguo ambazo hakuna mtu anayezivaa.

Tuseme ukweli, katika mji huu nguo si kitu adimu. Mtu anaweza kukosa kodi, akakosa unga, lakini akipita Owino, soko lile ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe (ni jina la Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa mashahidi wa Uganda, aliyeuawa tarehe 15 Novemba 1885), atakuta mivumba imelundikwa kama vichuguu na mtu anapiga kelele za bei. Soko hilo liliungua mwaka 2009, likaungua tena mwaka 2011, na kila mara watu walirudi kufungua marobota juu ya majivu. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipatana kuacha polepole kuingiza mitumba, na mwaka 2023 Rais Museveni alitangaza kwamba ataipiga marufuku ili viwanda vya hapa vipate soko. Sisi hatuna la kusema katika mambo ya viwanda. Tunasema tu kwamba shati la mtumba linanunuliwa haraka, linavaliwa mara mbili, linaingia gunia. Halafu linanunuliwa lingine.

Sasa tufungue Neno.

Katika mji wa Yafa, mji wa bandari kando ya bahari, alikuwako mwanafunzi mmoja jina lake Tabitha, ambaye kwa Kiyunani aliitwa Dorkasi. Aliugua akafa. Wakamwosha wakamlaza chumba cha juu, wakatuma watu Lida kumwita Petro. Petro alipofika, wajane wote walisimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi alizitengeneza wakati alipokuwa pamoja nao.

Sisi tuliowahi kufungua sanduku la marehemu tunajua jambo hilo lilivyo. Mtu akifa, sanduku lake linafunguliwa na watu ambao hakuwaalika. Wanaona kila kitu: kile alichokificha, kile alichokitunza, kile alichokinunua na hakukivaa hata siku moja. Lakini mwandishi Luka hatuambii hata neno moja juu ya sanduku la Dorkasi. Hatujui alikuwa na nguo ngapi, wala kama aliziweka kwa mpangilio. Nguo tunazoonyeshwa ziko mikononi na miilini mwa wajane. Petro hakuhitaji kupekua nyumba ili kumfahamu mwanamke huyu. Nguo zake zilikuwa zimekwisha kutoka nyumbani kabla yake.

Basi tujiulize, kwa nini zetu hazitoki? Tumeongea na wazee wa kanisa, na kamati ya akina mama, na vijana, na tumesikia majibu ambayo si ya mzaha.

Wako wanaotunza kwa hofu. Mtu aliyekimbia Masisi usiku, amevaa kaptura na shati moja, akavuka mpaka pale Bunagana akiwa bila viatu, huyo hatupi nguo. Akiona soksi moja isiyo na mwenzake anaiweka. Moyoni mwake kuna sauti inayosema: siku ile hukuwa na kitu, siku nyingine itakuja. Wahubiri wengine wakimwona mtu wa namna hii wanamfungulia Yoshua sura ya 7 na kumsomea habari ya Akani, aliyeficha vazi zuri la Shinari chini ya ardhi ya hema yake, akapigwa mawe. Sisi tunaomba wahubiri hao wapunguze moto. Akani aliiba kitu kilichowekwa wakfu kwa Bwana. Huyu ndugu yetu ana mashati manne ya Owino. Anachokihitaji ni mtu wa kukaa naye na kumkumbusha Kumbukumbu la Torati sura ya 8, pale Musa anapowaambia wana wa Israeli kwamba miaka arobaini njiani nguo zao hazikuchakaa. Watu hao walikuwa wakimbizi kama sisi, na Mungu aliwahesabia hata mavazi yao. Lakini ni watu haohao waliojaribu kuweka akiba ya mana hadi asubuhi, ikaota mabuu ikanuka. Nguo nazo zinanuka. Ukitaka kujua, fungua lile gunia la chini kabisa baada ya mvua za Aprili.

Wako pia wanaotunza kwa sababu ya sherehe, na hapa kanisa lenyewe lina sehemu yake. Tunapenda kuvaa, sisi Wakongomani; hata nyumba isiyo na sukari, Jumapili suruali imepigwa pasi ikakata kama kisu. Harusi ikitangazwa, kitenge cha sare. Matanga, kitenge cha sare. Tarehe 8 Machi, kitenge cha sare. Kwaya ikialikwa Nakivale, kitenge cha sare. Mama mmoja anaweza kuwa na sare saba ambazo kila moja imevaliwa siku moja, tena kwa mkopo ambao bado anaulipa. Kamati ya akina mama imekata shauri, nasi tunaliunga mkono, kwamba mwaka huu kwaya haitashona sare mpya. Watavaa zile za Pasaka iliyopita, na Mungu atazisikia sauti zao vilevile.

Hapa tunatoa angalizo, kwa sababu kuna vijana wamesoma mambo ya kupunguza vitu nyumbani na wameanza kuwasumbua mama zao. Kitenge kipya cha yadi sita, kilichokunjwa bila kukatwa, si takataka wala si mrundiko. Kwetu Kivu kikwembe ni benki ya mwanamke. Mtoto akiugua usiku, kitenge kinauzwa asubuhi. Na hapa Kampala akina mama wengi wa kanisa hili wanatembea kutwa nzima na vitenge begani, kutoka Kabalagala hadi mjini, na hivyo ndivyo watoto wanavyokwenda shule, kwa kuwa mkimbizi aliyechagua kukaa mjini anatarajiwa kujitegemea wala hapewi chakula kama ndugu zetu wa kambini. Usimwambie mama wa namna hiyo kwamba ana vitu vingi. Huo ni mtaji wake. Msaidie kuuweka mahali pakavu.

Tumefika mahali pagumu zaidi. Ni lile valizi la safari.

Karibu kila nyumba yenye faili ya kwenda nchi ya tatu ina valizi moja isiyoguswa. Ndani yake ziko nguo nzuri: koti la baridi lililonunuliwa kwa ajili ya theluji, viatu vya watoto, gauni la mama la kushukia ndege. Familia inavaa mitumba iliyochanika, na valizi imefungwa. Tunajua nyumba ambayo valizi ilifungwa mwaka 2016, mahojiano ya kwanza yalipokwisha. Mtoto aliyenunuliwa viatu akiwa na miaka mitano leo ana ndevu zinaanza kuota. Watoto wamekua, nguo hazikukua.

Halafu ukaja Januari 2025. Tarehe 20 ya mwezi ule Rais mpya wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na safari zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Walikuwako watu ambao walikuwa wameuza kitanda, wamerudisha funguo kwa mwenye nyumba, wamegawa masufuria kwa majirani, wakabaki wamesimama barabarani na valizi. Tulilia pamoja nao. Hatutaki mtu yeyote asome maneno haya akadhani tunawacheka wenye valizi.

Ila tunataka kuwauliza jambo moja. Usiku wa Pasaka ya kwanza, Mungu aliwaamuru Israeli wale wamefunga viuno, wamevaa viatu, fimbo mkononi. Ulikuwa usiku mmoja. Wale waliopelekwa Babeli hawakupewa amri hiyo. Yeremia aliwaandikia barua, mnaisoma sura ya 29, akawaambia wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani, waoe na kuozesha, wauombee mji ule amani. Hakuwaambia kwamba hawatatoka. Katika barua ileile kuna ahadi ya kurudi. Walitakiwa kusubiri wakiwa wameishi. Je, sisi tuko usiku wa Misri, au tuko Babeli? Kila familia ijibu mbele za Mungu. Lakini kama faili yako ina miaka minane, fungua valizi, ndugu. Acha msichana avae lile gauni Jumapili hii akiwa bado linamtosha. Lile koti zito acha baba alivae Julai, asubuhi ile ya ukungu anapokwenda kutafuta kazi ya mjengo. Siku ndege ikiitwa, valizi linafungwa kwa saa moja. Tumeona watu wakilifunga kwa nusu saa.

Na liko begi lingine. Hili tunalisema kwa sauti ya chini.

Ni begi lenye nguo za mtu ambaye hayupo. Koti la mume. Sare ya shule ya kijana aliyechukuliwa njiani. Kitenge cha mama mzazi aliyezikwa Nyakabande, au aliyeachwa njiani bila kuzikwa. Kwetu, matanga yakiisha, ndugu wanakaa pamoja, wanagawana nguo za marehemu: kaka huyu koti, shemeji yule kofia, mjukuu saa ya mkono. Kazi ile ilikuwa na hekima, kwa maana huzuni iligawanywa pamoja na nguo, ikabebwa na wengi. Hapa uhamishoni kaka yuko Nairobi, shemeji yuko Australia, mjukuu hajulikani. Nguo haina wa kumpokea. Basi mjane anabaki nayo peke yake, na huzuni yote iko ndani ya begi moja.

Kwa wengine ni vigumu zaidi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba mume amekufa. Hajaonekana tu. Mama anasema moyoni: nikilitoa koti hili, ni kama nimemzika mwenyewe.

Tumemtafakari sana Yakobo. Wanawe walimletea kanzu ndefu ya Yusufu, imechovywa katika damu ya mbuzi, wakamwambia aitambue. Akaitambua. Akararua mavazi yake, akavaa gunia, akakataa kufarijiwa. Wapendwa, kanzu ilikuwa ya kweli, na damu ilikuwa ya kweli, lakini habari haikuwa kweli. Yusufu alikuwa hai, yuko Misri. Yakobo aliisikiliza nguo, na nguo ile ilishuhudia uongo. Baada ya miaka mingi wanawe walirudi wakamwambia kwamba Yusufu yu hai, moyo wake ukazimia, hakusadiki hadi alipoyaona magari.

Kwa habari hiyo tunawaambia akina mama zetu hivi. Nguo haijui mtu alipo. Ukilitunza koti, halimlindi. Ukilitoa, halimwui. Uzima wake uko mkononi mwa Mungu, hauko katika begi. Kwa hiyo uko huru. Ukitaka kulitunza, litunze, wala mtu yeyote wa kanisa hili asije akakuambia imani yako ni ndogo. Likunje vizuri, lianike jua mara moja kwa mwezi, liwe na mahali pake pa heshima. Ukitaka kubaki na kitu kimoja tu na vingine vivaliwe na mtu anayetetemeka kwa baridi, hilo nalo ni jema. Tunaomba tu usilifanye peke yako. Waite akina mama wawili wa idara yenu, waje, mkae mkekani, mlifungue pamoja, msimulie alivyokuwa akilivaa. Hao ndio ndugu wa kugawana nao kwa sasa.

Na tazameni jambo lingine katika habari ya Yusufu. Maisha yake yote watu walimvua nguo. Ndugu zake walimvua kanzu, mke wa Potifa akabaki na vazi lake mkononi, na gerezani akabadilishwa mavazi. Lakini siku alipowafunua ndugu zake macho na kuwarudisha kwa baba yao, aliwapa kila mmoja mavazi ya kubadili, na Benyamini akampa matano. Mtu aliyevuliwa mara nyingi kiasi hicho aligeuka kuwa mtu wa kuvika.

Hapo ndipo tunapofika kwenye haja iliyotufanya tuandike. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa M23, na katikati ya Februari mwaka huohuo Bukavu ikafuata. Uganda, ambayo ilikuwa tayari ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, ilipokea wengine, na wengine wao wamefika hadi milango yetu hapa Kampala. Tumewaona. Wamekuja kama tulivyokuja sisi. Kuna mama aliyeketi benchi la nyuma wiki tatu mfululizo na nguo ileile, kisha akaacha kuja. Tulipomfuata alituambia hakuacha imani, aliona haya. Huku chini ya vitanda vyetu kuna magunia. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na makutano wafanye nini, hakuwatuma hekaluni. Aliwaambia mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Mnaipata katika Luka 3:11, na ni andiko ambalo halihitaji mfasiri.

Basi tuanze kazi. Chagueni Jumamosi isiyo na mvua. Toeni nguo zote, zote kabisa, msiache begi moja eti hili tunalijua. Zimwageni juu ya mkeka au kitanda mzione pamoja, maana mtu hajui alicho nacho hadi akione mahali pamoja. Ndugu zetu wanaouza mivumba watawafundisha, wao hufanya hivyo kila robota linapofunguliwa: mkono wao unakwenda haraka, huku zinazovalika, huku zinazohitaji sindano, huku zilizokwisha. Hawaulizi nguo ilinunuliwa shilingi ngapi. Nanyi msiulize. Ulizeni kama inamtosha mtu aliye nyumbani leo na kama ilivaliwa tangu Krismasi iliyopita.

Kabla ya kutoa nguo yoyote, pekueni mifuko. Tunarudia: pekueni mifuko, na mpapase pindo. Wengi wetu tulivuka mpaka na fedha au karatasi zimeshonwa ndani ya nguo, na hofu ikatufanya tusahau. Cheti cha familia, kadi ya kliniki ya mtoto, diploma ya baba, picha ya mwisho ya wazazi, vyote hivi viwekwe ndani ya mfuko wa plastiki usioingiza maji, na mfuko huo uwe na mahali pamoja panapojulikana na kila mtu mzima wa nyumba. Usiuchanganye na nguo. Maji yakiingia usiku, kama yanavyoingia Katwe na Bwaise mfereji ukifurika, hutakuwa na muda wa kupekua makoti kumi na mbili.

Zile mnazobaki nazo ziangalieni mishono. Kunguni anakaa kwenye mshono na kwenye pindo, na nyumba moja ikiwa nao, ukuta wa pili hautakosa. Maji ya moto, jua kali, na pasi iliyopitishwa polepole juu ya mshono vinasaidia. Nguo zikauke kabisa kabla ya kukunjwa, la sivyo ukungu utazila. Valizi zisikae sakafuni. Tofali nne tu zinatosha kuziinua. Na wale wanaopitisha kamba ya nguo juu ya mahali pa kupikia, tunawasihi waihamishe. Sigiri ikiingizwa ndani wakati wa mvua, cheche moja inatosha kuteketeza mizigo yote ya ua ule, na hiyo moshi ya makaa peke yake ni hatari kwa wanaolala. Vile vidonge vyeupe vya nondo navyo visiachwe mahali mtoto anapofikia, vinafanana mno na peremende.

Zile zilizokwisha msizilete kanisani. Tunasema hivi kwa upendo. Mwaka uliopita tuliomba nguo na zikaja fulana zisizo na mgongo. Nabii Malaki aliwauliza makuhani kama wangethubutu kumpelekea liwali mnyama kipofu na kilema. Mtu aliyepoteza nyumba hajapoteza macho. Leta nguo ambayo wewe mwenyewe ungeivaa ukaenda nayo ibadani.

Lakini msidhani matambara hayana kazi katika Ufalme. Yeremia alipotupwa katika shimo la matope, aliyemtoa alikuwa Ebed-Meleki, Mkushi, mgeni katika nyumba ya mfalme. Alikwenda chini ya hazina akachukua nguo kuukuu na matambara yaliyochakaa, akamshushia kwa kamba, akamwambia ayaweke makwapani ili kamba zisimchubue. Wenye nchi walimwacha nabii matopeni, mgeni akakumbuka hata makwapa yake. Kwa hiyo fulana kuukuu ya pamba ifuliwe, ichemshwe, ikatwe: kuna mama aliyejifungua anahitaji nepi, kuna wasichana wanaokosa shule siku nne kila mwezi kwa kukosa kitambaa safi. Idara ya akina mama inashona vitambaa hivyo kila Alhamisi na wanahitaji pamba laini, si nailoni. Jinzi zilizopasuka magoti zina kazi pia, fundi anazifanya mikoba.

Juu ya namna ya kugawa, tumekubaliana hivi. Hatutamwita mtu mbele ya kanisa. Hatutapiga picha. Nguo zitatundikwa katika chumba cha shule ya Jumapili, na mgeni ataingia peke yake au na mmoja wa akina mama, achague mwenyewe kinachompendeza, ajaribu, akatae asichokitaka, kama anavyochagua mtu mwenye fedha zake sokoni. Akichagua lile gauni jekundu ulilotoa wewe, akaja nalo Jumapili akakaa benchi la mbele, msalimie yeye, wala usilitazame gauni. Asijue kamwe lilikuwa la nani.

Mlango wa chumba utakuwa wazi kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana. Wazee wasioweza kubeba watutumie habari kwa mtoto yeyote wa shule ya Jumapili, vijana watakuja na toroli. Ndugu zetu wa Nakivale, tutakusanya robota moja na kulituma na gari litakalowaleta wanakwaya, nanyi mtuambie mapema watoto wa shule wanahitaji saizi zipi. Na kila ajaye kusaidia aje na sindano na uzi mweusi na mweupe, kwa maana vifungo vingi vitakuwa vimekatika.